Mita Kumi za Mtaro wa Tano

Jumatatu, 12 Julai

Sekunde ishirini. Nimepima mara tatu, mara tatu ishirini. Ndoo ni ya lita ishirini, kwa hiyo mtaro wa kwanza unapokea lita sitini kwa dakika. Nilitembea kando ya kichwa cha maji, pale yanapofikia, hadi mwisho wa shamba, saa ya shangazi mkononi, nikiandika dakika kwenye kila kijiti. Vijiti viko kila mita kumi: cha kumi, cha ishirini, cha thelathini, hadi cha sitini. Namba nimeziandika kwa makaa. Maji yalipotulia nikazamisha ndoo ya pili kule chini. Sekunde thelathini na mbili.

Maana yake: zinaingia lita sitini, zinatoka thelathini na saba na nusu. Ishirini na mbili na nusu zimenywewa na udongo. Hakuna anayeziona zikienda, lakini zinajulikana. Hilo linanipendeza sana.

Mwalimu wetu wa agronomia alitugawia staji, kazi za mazoezi za likizo, kabla ya kufunga shule. Wengine walipata kuku, wengine mihogo. Mimi maji. Mitaro kumi, kila mmoja upimwe mara tatu. Ripoti ni Septemba, Uvira.

Mzee Bukuru ndiye anayegawa maji ya mfereji mkuu. Anaziba kwa kipande cha mgomba na matope, anazibua, kila familia na zamu yake. Yetu ni Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Shamba lake linapakana na letu. Leo aliniona nimepiga magoti mbele ya ndoo, akaita, "Profeseri! Bulongo imekunywa ngapi?" Nilitaka kumjibu udongo umekunywa ngapi. Jibu lilikuja nikiwa nimeshafika nyumbani. Huwa hivyo.

Jumanne, 13 Julai

Hakuna zamu. Nimenakili namba kwa wino.

Kijiji kimya mno. Mwaka jana wakati huu mtu hakuweza kusoma kwa kelele. Mwezi wa nne basoda, askari wanaolinda daraja, walichukua wanaume tisa wabebe mizigo. Siku mbili tu, walisema. Mmoja wao ni Amani, mtoto wa baba mdogo, ana miaka kumi na saba kama mimi. Kesho yake risasi zikalia na kijiji kizima kikakimbia, wengine Kiringye, wengine mbali zaidi. Mimi nilikuwa shuleni, kwa shangazi, huko Kalundu. Mama alinifuata huko akiwa na sufuria moja na jembe. Yeye alirudi hapa katikati ya mwezi wa sita, mimi shule ilipofungwa.

Wale tisa hawajarudi. Mmoja alionekana Makobola, wanasema. Mwingine anasema wako milimani, wako hai, wamekonda. Baba mdogo kila asubuhi anajaza upepo baiskeli ya Amani. Haendi nayo popote.

Alhamisi, 15 Julai

Mtaro wa pili, wa tatu, wa nne: vizuri. Inatofautiana kidogo, dakika moja, mbili. Udongo wetu ni wa namna moja, mweusi, unapasuka ukikauka.

Mtaro wa tano sielewi.

Maji yalifika kijiti cha thelathini kwa dakika kumi na nne. Kawaida. Nikasogea kuyangojea kwenye kijiti cha arobaini. Hayakuja. Nikarudi nyuma nikidhani kingo zimebomoka. Hazijabomoka. Kichwa cha maji kilikuwa kimesimama kati ya vijiti viwili, hakiendi mbele, na nyuma yake maji yanaendelea kuja. Lita sitini kila dakika zinafika pale na hazipo.

Yalifika arobaini baada ya dakika hamsini na tano, kama kamba nyembamba. Sitini hayakufika kabisa. Zamu ikaisha.

Nilipoinama kuchukua ndoo nilisikia sauti chini. Fupi. Kama mtu anayemeza.

Niliondoka nikiwa nimesahau kijembe.

Jumapili, 18 Julai

Nimemuuliza mama kuhusu sehemu ile ya shamba. Amefurahi kuulizwa jambo la kilimo. Anasema waliporudi walikuta majani yamejaa kila mahali isipokuwa pale kati. Pale palikuwa pamelimwa. Vizuri kabisa, udongo umegeuzwa. Akaenda kumshukuru Mzee Bukuru. Mzee akasema si yeye. Mama akauliza majirani wengine, si wao. Basi akamshukuru Mungu, akapanga mitaro juu yake.

Aliniambia haya akichambua maharage, akitabasamu.

Jumatatu, 19 Julai

Nimepima kwa utaratibu. Ndoo moja nimeizamisha kwenye kijiti cha thelathini, nyingine kwenye cha arobaini. Kwenye thelathini zinapita lita arobaini na nane kwa dakika. Kwenye arobaini, tisa. Nimerudia. Arobaini na nane, tisa.

Katika mita kumi zinaingia chini lita thelathini na tisa. Mahali pengine mita kumi zinakunywa nne, haijafika nne. Mara kumi.

Mtaro wa sita hivyo hivyo. Wa saba pia, ila kidogo. Wa nane ni mzima.

Mzee Bukuru alisimama kwenye mpaka akiangalia muda mrefu. Hakunitania. Alisema kitu kwa Kirundi, si kwangu, akaenda kuziba maji dakika tano kabla ya wakati. Hajawahi kuziba kabla ya wakati.

Jumanne, 20 Julai

Nimeenda bila maji, kuangalia tu. Shamba lote limepasuka kwa jua, mipasuko inaingia kidole. Pale haijapasuka. Udongo umelala laini kama unga uliochungwa. Kijiti cha arobaini kimeinama kuelekea ndani. Nilikisimamisha jana nikakigonga kwa jiwe.

Mbuzi wa Mama Riziki walikuwa wanakula mabua. Wanakula hadi pale wanazunguka. Nimewaangalia nusu saa. Si mmoja, wote.

Naogopa, na sijui ninachoogopa. Ni udongo.

Alhamisi, 22 Julai

Karatasi ya mwalimu inasema: kila shamba linapomwagiliwa tena, udongo hukazana, hunywa kidogo kuliko mara ya kwanza. Mtaro wa kwanza umefanya hivyo. Wa pili, wa tatu, wa nne, vilevile. Wa tano umeongeza. Leo kwenye kijiti cha arobaini ndoo haikujaa. Nilingoja hadi miguu ikafa ganzi. Na pale kati maji yalikuwa yanatoa mapovu. Povu moja, kimya, povu moja. Hewa inatoka. Kuna nafasi chini inayojaa maji na hewa yake inatafuta njia. Hilo naliandika kwa sababu liko kwenye kitabu.

Harufu haiko kwenye kitabu. Sitaiandika.

Baba mdogo alinikuta nimekaa. Akachukua kaye yangu, daftari la namba, akasoma. Yeye anajua hesabu, aliwahi kupima pamba zamani. Akauliza thelathini na tisa ni nini. Nikasema ni lita zinazopotea kila dakika. Ningesema "zinazonywewa." Nilisema "zinazopotea."

"Maji haipoteake," akasema. "Maji inaibiwaka." Akaangalia maharage ya Mzee Bukuru ng'ambo ya mpaka. Ni mabichi, yamenawiri. "Amechimba tundu chini ya mpaka. Na ni yeye njo anagawaka maji! Mwizi amepewa ufunguo."

Nilitaka kusema maji hayawezi kupanda, shamba la mzee liko juu kidogo kuliko letu. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya misa baba mdogo ameipeleka kaye kwa chefu wa kijiji. Hakuniomba. Aliichukua mezani. Mama alisema mwache, ana uchungu.

Nilifuata kwa nyuma, nikasimama nje ya uzio. Nilisikia namba zangu zikisomwa kwa sauti. Arobaini na nane. Tisa. Zilisikika kama mashtaka. Mzee Bukuru aliitwa, akaja na matope miguuni. Alisema, "Minye nimegawa maji ya kijiji hii tangu babu yako. Nikitaka kuiba nitaiba kwa tundu? Si ningefungua tu?" Watu wengine wakacheka. Baba mdogo hakucheka.

Chefu alisema atafikiri. Kijana mmoja anayewapikia basoda alikuwa ameegemea mlango, anasikiliza.

Namba zangu ni sahihi. Ninarudia hilo moyoni na halinisaidii.

Jumatatu, 26 Julai

Basoda wa daraja wamemchukua Mzee Bukuru asubuhi kwenye mfereji, kabla ya zamu yetu. Hawakutaja maji. Walisema mtu anayezunguka kwenye mifereji na taa kabla ya mapambazuko anawapelekea habari watu wa mlimani. Lakini kila mgawa maji hutembea na taa. Ndiyo kazi.

Wamemfungia kwenye hangari la zamani la pamba.

Hakuna aliyegawa maji. Wanaume wawili walipigana kwa majembe kwenye mlango wa mfereji. Maji yalienda barabarani. Sikupima.

Baba mdogo alikaa mlangoni kwake siku nzima. Nilimpelekea ugali. Hakula. Alisema, "Sikusema basoda. Nilisema chefu." Alisema hivyo mara mbili. Si kwangu.

Jumanne, 27 Julai

Gari linakuja Ijumaa kuchukua wafungwa. Mke wa Mzee Bukuru ameambiwa alete blanketi. Anapita nyumba kwa nyumba akitafuta blanketi, akipiga hodi kwa adabu kama mtu anayeomba chumvi. Hakuna aliyepanda gari lile akarudi.

Ni kaye yangu. Si baba mdogo tu. Mimi.

Jumatano, 28 Julai

Nimeenda na kamba. Nimechomeka kijiti kirefu cha chuma kila hatua, nikaweka alama palipo pagumu na palipo laini. Mahali pagumu kinaingia vidole vinne. Pale kinaingia chote na mkono wangu unafuata. Nimechora kwenye karatasi. Urefu mita saba. Upana mita mbili na nusu. Pembe nne, zimenyooka.

Fuko, wale panya vipofu, hawachimbi pembe nne. Maji hayachimbi pembe nne.

Kitabu ukurasa wa udongo: udongo uliochimbwa kwa kina na kurudishwa haukazani kama zamani kwa miaka. Unabaki na nafasi. Unakunywa.

Nimelijua tangu Alhamisi. Niandike basi, hakuna anayesoma hapa. Wale tisa hawakubeba mizigo mbali. Wako mita thelathini na tatu kutoka mwanzo wa shamba letu na mimi nimewamwagia maji mara tatu nikihesabu sekunde.

Nimeenda kunawa mikono. Nimerudi kuandika.

Sasa hesabu ya pili, hii haiko kwenye karatasi ya mwalimu. Nikionyesha kwamba udongo wenyewe ndio unaokunywa, hakuna mwizi, na chefu anaweza kumwomba kaporali wa basoda amwachie mzee. Lakini nikionyesha, nitakuwa nimeonyesha mahali. Basoda watajua kwamba najua. Nisipoonyesha, Ijumaa mzee anapanda gari.

Baba mdogo hajui. Au anajua, ndiyo maana alitaka mwizi. Mwizi ni bora.

Alhamisi, 29 Julai

Nimemwambia mama. Sikumwambia chini pana nini. Nilimwambia naweza kuthibitisha mzee hakuiba. Aliniangalia usoni muda mrefu, halafu akaangalia nje, upande wa shamba, na mikono yake ikaacha kuchambua maharage. Amenisindikiza kwa chefu.

Niliandika maneno yangu kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele ya watu ulimi unakufa. Niliyasoma bila kuinua macho. Maji, udongo, mikebe miwili, kesho asubuhi, mbele ya wote. Chefu aliuliza, "Na bulongo inakunywa kwa sababu gani?" Hilo sikuwa nimeliandika.

Nikasema, "Ni laini."

Alikuwa chefu wa kijiji hiki mwezi wa nne, hakukimbia siku ya kwanza kama wengine. Akasema, "Utaonyesha maji tu. Unasikia, mutoto? Maji tu."

Yeye anajua.

Nimekata vitako vya mikebe miwili ya maziwa ya unga, ili maji nitakayomimina ndani yaingie udongoni. Nimejikata kidole. Maelezo ya jinsi ya kufanya yako katika kitabu, ukurasa umetiwa alama na mwalimu kwa kalamu nyekundu: "Rahisi, hata mtoto anaweza."

Ijumaa, 30 Julai

Niandike polepole, yote, kama yalivyokuwa.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotaka. Kama arobaini. Wanawake walisimama upande mmoja. Mama Riziki, ambaye mume wake ni mmoja wa wale tisa, alikuja na mtoto mgongoni. Kaporali alikuja na basoda wawili na Mzee Bukuru katikati yao. Wamemfunga mikono mbele. Jicho moja limevimba. Alipoona mikebe yangu alijaribu kucheka. "Profeseri, leo utanipa pointi ngapi?" Basoda mmoja akamsukuma.

Nilipiga mkebe wa kwanza chini kwenye mtaro wa pili, udongo mzima. Nikamimina maji hadi mstari. Nikasema kwa sauti ambayo haikutoka, mama akairudia kwa nguvu: "Anasema muhesabu." Dakika tano. Maji yalishuka upana wa vidole viwili. Watu waliinama kuona. Kaporali alipiga miayo.

Nilienda mtaro wa tano. Katikati ya kijiti cha thelathini na cha arobaini. Sikugonga mkebe, niliusukuma kwa kiganja ukaingia wenyewe. Nikamimina kiasi kile kile.

Maji yakaenda. Sikufika kuhesabu ishirini. Ile sauti ikatoka chini na safari hii waliisikia wote. Nikamimina tena. Yakaenda. Nikamimina mara ya tatu, na mtu nyuma yangu akavuta pumzi na hakuitoa.

Nilisikia mtoto wa Mama Riziki akinyonya.

Kaporali hakupiga miayo tena. Aliangalia miguu yake. Alikuwa amesimama kwenye mtaro wa sita. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, nusu ya tatu, akasimama. Alisimama kwenye mpaka hasa, pale udongo laini unapoishia. Nusu kiganja kutoka kwenye alama yangu ya Jumatano, ambayo nilikuwa nimeifuta. Sikuwa nimemwonyesha mpaka. Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Wanawake walimwona akihesabu hatua.

Akaniambia, "Weye musomi. Kitabu yako inasema chini iko nini?"

Ulimi ukafa. Nilikuwa na jibu, lilikuwa mdomoni kabisa, na kama ningelitoa lingekuwa lile la kweli kwa sababu sikuwa na lingine. Chefu alikuwa anaangalia mlima. Mama alishika bega langu kwa kucha.

Baba mdogo akatoka kwenye kundi. Kofia mkononi. Alitembea hadi pale na hakukanyaga pale. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayezungumzia mahindi.

"Ni fuko, afande."

"Fuko?"

"Fuko. Wamechimba bulongo yote chini. Shamba hii tunaijuaka. Ni minye nilikosea, nikamusingizia muzee bure. Maji inaingia kwa mashimo ya fuko."

Kaporali akamtazama. "Ni wengi?"

"Ni wengi, afande."

"Na utawachimbua?"

"Hapana, afande. Tutawaacha."

Nilihesabu. Sijui kwa nini, ni mazoea. Sekunde kumi na moja kaporali alimtazama baba mdogo na baba mdogo alitazama kofia yake. Halafu kaporali akacheka kidogo, akasema kijiji kizima kimemsumbua kwa ajili ya panya, akaamuru kamba ya mzee ifunguliwe. Mzee Bukuru hakuondoka mbio. Alisugua mikono, akamwangalia baba mdogo, akainamisha kichwa kama wanavyofanya mlangoni mwa msiba.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Wote walizunguka kama mbuzi.

Gari lilipita saa nane. Nililisikia kutoka nyumbani. Halikusimama kwetu.

Jumamosi, 31 Julai

Baba mdogo hajatoka nje. Baiskeli iko pale pale. Magurudumu yameanza kulegea.

Jumapili, 1 Agosti

Padri aliomba kwa ajili ya wasafiri na wasiojulikana walipo, kama kila Jumapili. Kila Jumapili watu huitika kwa nguvu. Leo upande wa wanawake hawakuitika.

Mama Riziki alinishika mkono nje ya kanisa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Aliuachia, akaenda.

Nilikuwa nafikiri kujua ni kitu kizuri siku zote.

Jumatatu, 2 Agosti

Zamu yetu. Mzee Bukuru amezibua maji saa mbili kamili. Uvimbe wa jicho umepungua. Hakuniita Profeseri.

Alikuwa amekuja mapema kuliko mimi akapindisha mitaro mitatu, wa tano, wa sita, wa saba. Inatoka kwenye kijiti cha thelathini, inakwenda kando, inazunguka, inarudi mahali pake baada ya arobaini. Aliikata kwa mkono mmoja tu, mwingine bado umevimba. Hakumwomba mtu ruhusa. Mama alileta uji, akala amesimama.

Maji yalipita kwenye mzunguko polepole, yakafika mwisho. Nimepima. Udongo unakunywa kawaida.

Kuhusu ripoti. Nitaandika mitaro kumi, na namba zote kama nilivyozipata, arobaini na nane na tisa. Kuna safu ya mwisho inayoitwa "Maelezo." Baba mdogo amesema niandike fuko. Nimekaa na kalamu asubuhi yote. Siwezi kuandika fuko, na lile lingine siwezi kulipeleka Uvira likasomwa na watu. Nimeiacha tupu. Mwalimu ataondoa alama. Aziondoe.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeenda shambani na ndoo, nikakuta watu.

Mama Riziki alikuwa wa kwanza, mtoto mgongoni, jembe begani. Halafu mama wa vijana wawili wa karibu na daraja. Halafu wengine. Saba kwa jumla. Mke wa baba mdogo alikuja wa mwisho. Alikuwa hajatoka nyumbani tangu waliporudi, jua lilikuwa linamuumiza macho. Hakuna aliyewaita. Walimsalimu mama, walimuuliza habari ya kuamka, wakavua viatu wakaviacha kwenye mpaka.

Wakajipanga mstari mmoja, kutoka kijiti cha thelathini kwenda cha arobaini. Wakainama. Majembe yao hayakuingia ndani, yaligusa juu tu, kama mtu anayekuna mgongo wa mtoto. Mmoja alikuwa anaongea chini kwa chini.

Barabarani basoda wawili walipita. Mmoja aliuliza kwa sauti mama hawa wanafanya nini. Mama akajibu, "Wananisaidia kupalilia."

Wakapita.

Nilizamisha ndoo yangu kwenye mtaro wa nane, mbali kidogo, nikapima kwa sauti ndogo ili nisiwasumbue. Jua lilipanda. Mzee Bukuru alikuja kuziba maji, akawaona, akaacha yaendelee kutiririka, akakaa kwenye ukingo na mgomba wake magotini.

Hakuna kilichopandwa pale. Hakuna hata jani. Walipalilia hadi adhuhuri.